Saa Moja au Saa Saba? Shule ya Msingi Inavyopanga Kufundisha

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la tatu katika shule moja ya msingi upande wa Temeke, Dar es Salaam. Kipindi kilikuwa cha Hisabati, na mada ilikuwa wakati. Mwalimu alichora saa ubaoni, mshale mfupi kwenye 7 na mrefu kwenye 12, kisha akauliza ni saa ngapi asubuhi. Mikono ikapanda. Wa kwanza akasema saa moja. Wa pili akasema saa saba. Wa tatu akajibu kwa Kiingereza kwamba ni saba, kwa sauti ya kujiamini kabisa. Mwalimu akamsahihisha wa pili. Yule wa tatu akabaki amesimama, hajui kama amepata au amekosa.

Kumbe Jumatatu ya wiki ileile mwalimu wa Kiingereza alikuwa amewafundisha kusoma saa. Hakukosea, na wa Hisabati naye hakukosea. Kila mmoja alikuwa na azimio la kazi, yaani mpango wake wa kufundisha, lililoandikwa kwa mwandiko mzuri, limesainiwa na Mwalimu Mkuu, lina muhuri. Ila hakuna aliyekuwa amesoma la mwenzake.

Wazazi wengi wakisikia neno mtaala hufikiria vitabu. Mtaala na mihtasari ya masomo huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ni ileile kwa Mbagala ya watu wa kawaida na kwa Masaki ya wenye nazo. Kazi ya shule ni kuigeuza mihtasari hiyo kuwa siku na vipindi. Mwalimu huanza na azimio la kazi, linaloonyesha atafundisha nini mwezi gani, wiki ya ngapi, kwa vipindi vingapi na kwa zana zipi. Kutoka humo anaandika andalio la somo, karatasi ya kipindi kimoja tu. Kipindi chenyewe ni dakika 30 kwa darasa la kwanza na la pili, na dakika 40 kuanzia la tatu. Ukitoa muda wa kugawa vitabu na kunyamazisha watoto, hubaki kidogo.

Hesabu ya kwanza ya mpango, basi, ni ya siku. Kalenda ya mwaka wa masomo imekuwa ikitoa siku 194, takribani wiki 39. Tuseme somo lina vipindi vitano kwa wiki: kwenye karatasi unapata vipindi 195. Sasa toa wiki ya kwanza ya Januari, watoto wanapoandikishwa na nusu ya darasa haijafika. Toa wiki za mitihani ya muhula. Toa siku za Septemba ambazo darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa, na katika shule nyingi wadogo zao hubaki nyumbani. Halafu toa masika. Anayeishi karibu na bonde la Msimbazi, linalofurika mvua zikizidi, hahitaji kuelezwa na mtaalamu mahudhurio yanakuwaje Aprili. Zikipotea wiki sita tu, umebakiwa na vipindi 165. Mwalimu aliyepanga kwa 195 atajikuta Oktoba anakimbia, na mwalimu anayekimbia huandika ubaoni watoto wakanakili. Hapo darasa limemaliza silabasi bila kujifunza.

Nalisema hili kwa sababu shule zetu husifiwa kwa kumaliza mapema. Kwenye kikao cha wazazi mtu anatangaza kwamba darasa la saba wamemaliza mada zote Mei, na makofi yanapigwa. Mimi huwa sipigi. Mtaala wetu tangu 2005 umejengwa juu ya umahiri, yaani mtoto aweze kufanya jambo, siyo kulisikia tu likipita.

Dar es Salaam ina mambo yake. Tangu elimumsingi bila ada ianze Januari 2016, madarasa ya pembezoni mwa jiji yamefurika. Kiwango ni wanafunzi 45 kwa darasa, lakini nimeingia vyumba ambavyo ukitaka kufika dawati la nyuma unapita kwa ubavu. Shule nyingine zinafundisha kwa zamu, kundi la asubuhi na la mchana, na wa mchana wanaingia jua likiwa juu ya bati. Mpango wa shule usiolijua hilo ni pambo la ofisini. Shule moja niliyoitembelea ilibadili ratiba kila baada ya wiki mbili ili Hisabati isiangukie mchana kwa watoto walewale. Haikuhitaji fedha, ilihitaji mwalimu wa taaluma mwenye penseli, kifutio na uvumilivu.

Juu ya hayo, mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa Awali, darasa la kwanza na la tatu, na unapanda na watoto hao mwaka kwa mwaka. Wa juu yao wanaendelea na ule wa zamani hadi wahitimu. Kwa hiyo kwa sasa shule moja ina mitaala miwili chini ya paa moja, na mwalimu anaweza kutoka darasa lenye mfumo huu akaingia lenye ule kengele ikilia mara moja. Ndiyo maana azimio la kunakiliwa, lile linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kubadilishwa jina la shule tu, ni hatari kuliko zamani. Nimeshaona moja ambalo mwaka umefutwa kwa wino mweupe ukaandikwa mwingine, na ndani mada ni za muhtasari uliokwisha muda wake.

Sehemu ninayoisoma kwanza nikifungua daftari la maandalio ni ya mwisho kabisa: maoni. Mara nyingi nakuta "somo limeeleweka", ukurasa hadi ukurasa. Darasa la watoto tisini haliwezi kuelewa kila siku! Maoni yenye kazi yanasema nani amekwama na wapi, na kesho tunaanzia wapi. Yakiandikwa hivyo, vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ambavyo walimu hujifunza wao kwa wao palepale shuleni, vinapata cha kuzungumza.

Mzazi naye ana nafasi. Ukienda shuleni usiulize wamefika ukurasa gani. Uliza wiki hii mtoto anatakiwa aweze kufanya nini, kisha mjaribu nyumbani. Kama ni vipimo, mtume kwa mangi, mwenye duka la mtaani, nusu kilo ya sukari na umwulize ni gramu ngapi.

Turudi Temeke. Siku ile baada ya kipindi, walimu wawili walikaa chini ya mwembe wakaweka maazimio yao sambamba. Walikubaliana Hisabati itangulie, Kiingereza kifuate wiki mbili baadaye. Kisha yule wa Hisabati akachukua kifuniko cha ndoo ya rangi, akaandika namba, akakata mshale mfupi wa boksi na kuupa mkia mrefu unaovuka hadi upande wa pili. Sisi tunahesabu saa tangu jua kuchomoza, wenzetu tangu usiku wa manane, na tofauti ni saa sita, nusu ya duara. Kwa hiyo kichwa cha mshale kikiwa kwenye 7, mkia unalala kwenye 1. Kichwa alikipaka buluu kwa ajili ya Kiingereza, mkia nyekundu kwa Kiswahili.

Yule mtoto wa tatu ndiye aliyeitwa kuushika kwanza. Aliuzungusha mara mbili, akasimamisha, akauliza kama na usiku unafanya hivyohivyo.