Sungura alianguka kwa sababu

Bustani kubwa ya burudani ikitangaza tu kwamba itabadilisha mchezo wake wa zamani, mashabiki hugawanyika siku hiyo hiyo. Hawa wanasema utoto wao umeporwa, wale wanasema mabadiliko yamechelewa. Ubishi huo umeingia mpaka karakana yetu ya Kisauni, Mombasa. Vijana ninaofanya nao kazi hutazama video za michezo ya Marekani saa ya mapumziko, na kahawa hupoa vikombeni wakivutana juu ya Splash Mountain, mchezo wa mashua za maji ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuupanda.

Kazi yangu ni mitambo ya burudani: mitelezo ya maji ya huku Pwani ya Kaskazini, fremu za bembea za Idi, pampu, breki, beringi zilizoliwa na chumvi ya bahari. Kwa hiyo ubishi huu nautazama kutoka chini ya mchezo, penye grisi. Na kutoka huko nina swali moja kwa mashabiki wa pande zote mbili. Kabla ya kuhesabu nani amewekwa na nani ameondolewa, ulizeni: mwili wa abiria unasukumwa, unainuliwa na kuangushwa kwa ajili gani? Mchezo uliobuniwa vizuri una jibu. Mabadiliko yakilitunza jibu hilo, mchezo unabaki hai hata sura yake yote ikigeuka. Yakilipoteza, masanamu ya gharama kubwa kiasi gani hayawezi kuliziba pengo.

Splash Mountain ulifunguliwa Disneyland, bustani ya kampuni ya Disney huko California, mwaka 1989. Kiufundi si jambo la ajabu: pampu zinapandisha maji, mikanda inavuta mashua zenye umbo la gogo hadi juu ya kilima, halafu mvutano wa dunia unamalizia. Mwisho wa safari kuna anguko la mita 15 na ushei. Mitambo ya namna hiyo ilikuwepo zamani katika bustani nyingine. Kilichoufanya huu upendwe ni hadithi iliyofungamanishwa na lile anguko.

Na hadithi hiyo, wasomaji wangu, tunaijua. Ni ya Sungura. Waafrika waliopelekwa utumwani kusini mwa Marekani waliendelea kuwasimulia watoto wao habari za mnyama mdogo anayewashinda wakubwa kwa akili. Huku kwetu wanyama wanachimba kisima, Sungura anakataa kushika jembe, kisha anakuja kuiba maji mpaka Kobe aliyepakwa ulimbo anamnasa. Kule ulimbo umekuwa lami, na aliyemnasa ni Mbweha. Sungura anamsihi: nichemshe, ninyonge, nifanye utakavyo, ila nakuomba usinitupe kwenye kichaka cha miiba. Mbweha, kwa uchoyo wa kutaka kumuumiza zaidi, anamtupa huko huko. Sungura anatua salama, maana miibani ndiko alikozaliwa.

Sasa tazameni wabunifu walivyoitumia. Mashua inapopanda kile kilima cha mwisho, tai wawili wanakuzomea kutoka juu. Umeshaona Sungura amefungwa na yuko mikononi mwa adui. Unajua unakokwenda. Kisha unatupwa, na kule chini kuna miiba. Unapita katikati yake na kuibukia kwenye wimbo na sherehe. Mwili wako umeonja kile kile alichoonja Sungura: kuanguka ndiko kuokoka. Sijui mchezo mwingine wa maji ambao mteremko wake umebeba maana nzito namna hiyo, na kila ninapochora mtelezo mpya huurudia huo kuutazama.

Tatizo lilikuwa mlango ambao hadithi iliingilia. Mchezo haukuichukua moja kwa moja kutoka kwa wenyewe. Uliichukua kutoka filamu ya Disney ya mwaka 1946, Song of the South, iliyoonyesha Weusi wa mashambani Georgia kana kwamba hawakuwa na dhiki yoyote. James Baskett, aliyeigiza msimulizi wa hadithi hizo, hakuweza kuhudhuria uzinduzi wa filamu yake mwenyewe mjini Atlanta kwa sababu ya sheria za ubaguzi. Disney haikuwahi kuiuza filamu hiyo kwa matumizi ya nyumbani nchini Marekani. Wabunifu wa mchezo nao walikuwa na habari: walimwondoa msimulizi, wakaliondoa sanamu la lami la kumnasia Sungura na kuweka asali mahali pake. Kwa hiyo wanaolilia mchezo wa asili wanalilia kitu ambacho tayari kilikuwa kimetiwa viraka kabla hakijapokea abiria wa kwanza.

Mwezi Juni 2020 Disney ilitangaza kwamba mchezo utahamia kwenye hadithi ya Tiana, binti wa New Orleans katika filamu ya mwaka 2009. Ule uliojengwa pia Florida, katika bustani nyingine ya Disney, ulifungwa Januari 2023, wa California Mei mwaka huo huo. Tiana’s Bayou Adventure ilifunguliwa Florida Juni 2024 na California Novemba. Mfereji ni ule ule, anguko ni lile lile. Masanamu mapya yanaendeshwa kwa mota za umeme badala ya mafuta yenye mgandamizo, na fundi yeyote aliyewahi kufuta mafuta yanayovuja kwenye maungio atafurahi kuyaona. Uso wa Tiana unacheza kama uso wa mtu.

Kuiondoa filamu ile nakubaliana nako, bila kusitasita. Ninacholilia ni anguko. Katika safari mpya unamsaidia Tiana kutafuta wanamuziki wa karamu. Hakuna anayekuwinda, hakuna aliyefungwa. Mama Odie, bibi wa uganga, anakupeleka karamuni, na njia ya karamuni ni kutupwa kutoka urefu wa jengo la ghorofa tano. Kwa nini? Mashua inapanda kilima kirefu na roho ya abiria haina la kuogopa wala la kutumaini. Na jibu lilikuwa ndani ya filamu yao wenyewe: Dr. Facilier, mchawi mwenye vivuli vinavyokamata watu. Angewekwa pale walipokuwa tai, anguko lingekuwa kumponyoka. Hakuwekwa popote katika mchezo. Kijana mmoja wa karakana aliniambia, “Fundi, wewe unataka watoto waogopeshwe.” Nataka, ndiyo. Mtoto anapanda kilima kile ili aogope kisha aokoke.

Kipimo hicho hicho kinanipa hukumu tofauti kabisa kwa Pirates of the Caribbean, mchezo wa mashua wa Disney kuhusu maharamia, wa mwaka 1967. Katika ule wa California mashua inateremka mara mbili gizani kabla hujamwona haramia hata mmoja aliye hai. Kwanza unaona mifupa: nahodha aliyekufa kitandani, mlevi aliyekufa na chupa, hazina isiyo na mwenyewe. Baada ya hapo ndipo unapoingia mjini, maharamia wako hai, wanachoma na kupora. Mteremko ule unakushusha kwa wafu, kisha unakurudisha nyuma, kabla ya kifo chao, ukiwa umeshajua mwisho wao. Mwaka 2006 akaongezwa haramia Jack Sparrow kutoka filamu za jina hilo hilo, na safari ikamalizikia kwake, ameketi juu ya mali, ameshinda. Hapo mchezo unajipinga wenyewe: mwanzo umesema mali haikumfaa mtu, mwisho unasema imemfaa. Mashabiki wengi wanampenda. Kwangu mimi hilo ndilo badiliko baya kuliko yote yaliyofanywa pale.

Kelele kubwa zaidi, hata hivyo, zilipigwa 2018, ulipoondolewa mnada wa wanawake. Yule mwanamke mwenye nywele nyekundu, aliyekuwa akisubiri kuuzwa, akawa haramia mwenye bunduki, na kinachonadiwa sasa ni bidhaa zilizoporwa. Watu wakasema historia imefutwa. Karakana yetu haiko mbali na Kengeleni, Frere Town, ambako watumwa walioachwa huru walipewa makao kuanzia miaka ya 1870. Kengele iliyoyapa mahali hapo jina bado iko barabarani. Anayepita hapo asubuhi kwenda kazini haoni kichekesho katika watu waliofungwa kamba wakisubiri bei. Na kiufundi hakuna kilichoumia: sanamu limesimama mahali pale pale, mashua inapita kwa mwendo ule ule, maharamia bado ni waovu na mji bado unaungua.

Kuna mabadiliko mengine ambayo mwili huyahisi kabla ya macho. Matterhorn ya Disneyland, ya mwaka 1959, ndiyo rolakosta (magari ya reli yanayopanda na kushuka kwa kasi) ya kwanza duniani kutumia reli za mabomba ya chuma. Mwaka 2012 iliwekewa magari mapya ambamo kila abiria ana kiti chake, na tangu hapo wengi wanalalamika kuhusu migongo, ingawa reli ni ile ile. Ndivyo ilivyo hata kwa bembea za Idi: badilisha beringi, au hamisha kiti kwa shubiri mbili, na mtoto aliyeipanda Idi iliyopita atakuambia hii si ile. Upande wa pili, Mean Streak ya Cedar Point, bustani ya Ohio, Marekani, rolakosta ya mbao ya mwaka 1991, ilivuliwa reli zake na kuvishwa za chuma, ikarudi mwaka 2018 kwa jina la Steel Vengeance. Waliolia walikuwa wachache, kwa sababu ya kwanza ilikuwa ikiwatikisa watu bila faida.

Wapwani wana mchezo mmoja unaowahusu moja kwa moja. Katika bustani ya Animal Kingdom, Florida, iliyofunguliwa 1998, kuna mji wa kubuni uitwao Harambe, wenye majengo yaliyoigwa kutoka mwambao wetu, hasa Lamu, na duka moja limeitwa Mombasa Marketplace. Kutoka mji huo lori hupeleka wageni kuona wanyama. Zamani safari hiyo ilikuwa na kisa cha majangili: dereva anapokea habari kwenye redio, lori linaanza kukimbizana nao kwenye barabara yenye mashimo. Katika majaribio kabla ya ufunguzi kulikuwa hata na mzoga wa bandia wa tembo, ukaondolewa kwa kuwa wageni waliumia sana moyoni. Baadaye, kufikia 2012, kisa chote kikaondolewa. Wapo mashabiki wanaosema mchezo uliuawa siku hiyo. Mimi nasema uliponywa. Kukimbizana kulikuwa kunalazimisha lori lipite mbio mbele ya wanyama walio hai, nao ndio sababu ya mtu kupanda lori lile. Lilipopunguza mwendo, mwendo na sababu vikapatana.

Tokyo nao wana Splash Mountain, waliufungua mwaka 1992, na wakati ule mpya unaanza Marekani wao walikuwa bado wanaendesha ule wa zamani. Kwa yeyote anayetaka kunipinga, hapo ndipo pa kupimia. Aweke video za safari hizo mbili pamoja, aondoe sauti, kisha atazame nyuso za abiria kwenye kilima cha mwisho, kabla hawajaanguka.