Begi la mgongoni la kitenge: shughuli iko kwenye mikanda

Mteja akija na kitenge chake akitaka begi la mgongoni, kwanza huuliza maua yatakaa vipi. Mimi namuuliza atabeba nini. Wa chupa ya maji na mtandio hanisumbui. Wa laptopu, chaja, madaftari na hotipoti ya chakula ana kilo tano sita kila siku, anapanda nazo daladala, na akishuka anavuta begi kwa mkanda mmoja. Mzigo huo haubebwi na kitenge. Unabebwa na sentimita chache za mshono, pale mkanda unapoingia kwenye begi.

Begi ninaloshona sana lina kimo cha sentimita 42, upana 30 na kina 13, na laptopu ya inchi 15.6 inasimama humo bila kubanwa. Kitenge nakifua na kukipiga pasi kabla ya kukata, maana cha dukani kina wanga na kikilowa hurudi. Kwa kuwa ni pamba nyepesi, nyuma yake naweka kanvasi. Kitako nakikata kwenye jinzi la mitumba, kwa sababu ndicho kinachosuguana na sakafu. Angalia pia mchoro wenye juu na chini: ukikata kwa haraka, ndege watatembea kichwa chini mgongoni mwa mtu.

Sasa mikanda. Ya begani naikata kufuata urefu wa kitambaa, sambamba na ukingo, kwa sababu kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika, na baada ya muda bega moja linakuwa chini ya jingine. Upana ukishamaliza kushona uwe sentimita 6 au 7. Ndani naweka sponji ya milimita 6 hadi 10, niliyoipunguza pembeni ili isifike kwenye mshono. Sponji ikibanwa mshononi, cherehani inaruka mishono na uzi haukazi vizuri.

Mabegi mengi ya bei rahisi huachia juu. Fundi ameingiza ncha ya mkanda sentimita moja tu kwenye mshono, akapita mara moja, akarudi nyuma kidogo, basi. Kwenye ubao wa mgongoni, yaani kile kipande cha begi kinachogusa mgongo, mimi kwanza nashonea kiraka cha kanvasi kwa ndani. Ncha ya mkanda inalala juu ya ubao huo sentimita 5 nzima, naishona mraba, kisha napitisha msalaba ndani ya mraba. Mvuto unagawanyika kwenye matundu mengi ya sindano. Ukirudiarudia mstari mmoja ukidhani unaimarisha, unatoboa kitambaa kama tiketi iliyoandaliwa kuchanwa. Baadaye nafunika ncha zote mbili kwa kipande kimoja cha kitambaa, na kishikio cha juu nakiingiza humo humo.

Cherehani ya kawaida ya miguu inaiweza kazi hii. Weka sindano namba 16, uzi wa poliesta, na mshono wa milimita 3 au zaidi kidogo. Tabaka zikiwa nyingi, zigonge kwa nyundo zilale, kisha acha kukanyaga, zungusha gurudumu kwa mkono. Sindano nyingi huvunjika kwa haraka ya mguu.

Chini natumia mkanda wa nailoni wa milimita 25, ncha nimezichoma kwa kiberiti zisifumuke. Usiushone moja kwa moja kwenye kona. Ushike ndani ya pembetatu ya kitambaa, na pembetatu hiyo ndiyo iingie kwenye mshono wa ubavuni, ikielekea juu begani. Mkanda ukivutwa unafuata njia yake, haupindi kona.

Zipu nanunua ya mita, namba 5, na vichwa viwili. Anayejaza begi hadi lilie namwekea namba 8. Kona za juu nazichora kwa mdomo wa glasi. Kipande cha ubavuni ukipime kwa kufuata mstari utakaoshona, siyo ukingo ulioukata, la sivyo kitabaki kirefu na begi litajikunja. Kikifika kwenye kona, kitie mikato midogo kwenye ukingo ili kizunguke. Bitana iwe ya rangi nyepesi. Nyeusi haionyeshi uchafu, ni kweli, lakini haionyeshi funguo pia.

Kuhusu mvua, usimwahidi mtu begi lisilopitisha maji. Kitambaa cha mwavuli uliovunjika kikiwekwa kati ya kanvasi na bitana kinasaidia kwa manyunyu, ila matundu ya sindano yapo, na masika ni masika.

Kabla mteja hajaja kulichukua, nalijaza pakiti za unga kilo 10, nalitundika msumarini kwa mkanda mmoja hadi asubuhi, halafu usiku unaofuata kwa mkanda wa pili. Matundu ya sindano yakiwa yamefunguka kwenye ule mraba, nafumua upande huo na kuweka kiraka kipana zaidi.