Utani Ukiutoa, Nini Kinaanguka? Dhana Potofu Kuhusu Filamu ya 3 Idiots

Skripti yangu ya kwanza ya vichekesho ilikuwa na utani kila nusu ukurasa. Mwongozaji aliipitia na kalamu nyekundu, na kila alipofika kwenye kicheko akaniuliza swali lilelile: "Huu ukiutoa, nini kinaanguka?" Hakikuanguka kitu. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikaiweka kwenye kompyuta 3 Idiots, filamu ya Kihindi ya marafiki watatu wa chuo cha uhandisi, Rancho, Farhan na Raju, daftari pembeni, nikawa nasimamisha filamu kila ninapocheka ili nijiulize swali la yule mzee. Tangu hapo nimeirudia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mke wangu. Nimesikia mengi pia yakisemwa kuihusu vijiweni na kwenye semina za waandishi, na mengi hayasimami ukiyasogelea.

"Vichekesho ni kurundika utani, waigizaji watajazia"

Hii ndiyo iliyoniponza mimi. Chukua sini ambayo kila mtu anaikumbuka, ile ya hotuba ya Chatur.

Filamu inapomtambulisha Chatur Ramalingam, mwanafunzi mwenzao, tunaambiwa amezaliwa Uganda na kusomea Pondicherry, kusini mwa India. Sisi wa huku tunacheka kusikia Uganda imetajwa, tunadhani ni mzaha wa kupita. Kumbe ni msingi wa nyumba. Mtu wa namna hiyo Kihindi chake ni cha kuungaunga, hivyo anapotakiwa kuhutubia hadhira kwa Kihindi anamwomba mkutubi amwandikie maneno mazito, kisha anayakariri neno kwa neno bila kuyaelewa. Rancho anaingia katikati na kubadilisha maneno. *Chamatkar*, yaani muujiza, linageuzwa *balatkar*, yaani ubakaji. Chatur anapanda jukwaani na kumsifu mkuu wa chuo kwa jambo la aibu kupindukia, kwa sauti ya mtu anayejiamini, huku ukumbi umepasuka kwa vicheko naye akidhani wanamshangilia.

Utoe utani huo, uone. Chatur, aliyefedheheka, anawafuata wenzake usiku uleule juu ya tangi la maji na kuwawekea dau: tukutane hapahapa baada ya miaka 10, tarehe 5 Septemba, tuone nani kafanikiwa. Filamu nzima imefunguliwa na dau hilo. Ndiyo sababu Farhan anajiangusha ndani ya ndege kama mgonjwa ili irudi uwanjani, na ndiyo sababu Raju anatoka nyumbani mbio hajavaa suruali. Hoja kubwa ya filamu, kwamba kukariri si kuelewa, nayo imebebwa na sini hiyohiyo bila mtu yeyote kuitangaza. Kicheko kimoja kimebeba mhusika, kisa na hoja.

Nikiri pia kwamba utani wenyewe umezeeka vibaya. Kubakwa kwa mwanamke si kitu ambacho leo ningekitumia kuchekesha ukumbi, hata kama mjinga wa sini ni Chatur. Ufundi wake naujifunza, maneno yake nawaachia wenyewe.

Kuna jambo jingine kuhusu sini hiyo nililolibaini kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu. Chamatkar na balatkar vinafanana kwa sauti, muujiza na ubakaji havifanani hata kidogo, kwa hiyo DJ wa kutafsiri hana pa kushika. Ila watu walicheka hadi benchi likayumba. Walicheka kwa sababu filamu ilishatuonyesha maneno yakibadilishwa kabla Chatur hajapanda jukwaani. Sisi tunajua, yeye hajui, na tunamsubiri aingie shimoni. Lugha haihitajiki sana hapo.

"Walikopi riwaya tu"

Riwaya ipo. Chetan Bhagat aliichapisha mwaka 2004, inahusu vijana watatu wa chuo cha teknolojia cha IIT Delhi, na filamu ilipotoka Desemba 2009 palizuka ugomvi mkubwa kwa sababu jina lake liliwekwa kwenye majina ya mwishoni. Katika hilo mwandishi mwenzangu yeyote anajua maumivu yake. Lakini ukiweka viwili hivyo sambamba, utaona riwayani hamna safari kama ile ya Farhan na Raju ya kumsaka Rancho aliyepotea, wala hamna mtu aliyesoma kwa jina la mwingine. Hayo yametoka kwa Rajkumar Hirani na mwandishi mwenzake Abhijat Joshi, na ndiyo mgongo wa filamu. Hirani alisomea uhariri wa filamu kule Pune kabla ya kuwa mwongozaji, na inaonekana: wakati uliopo na uliopita vimesukwa kama ukili, na kila tunaporudishwa chuoni tunarudi na swali jipya kuhusu Rancho. Ukiivua nguo za vichekesho, chini yake kuna hadithi ya upelelezi.

"Rancho ni mtu wa kweli, yuko Ladakh"

Nusu kweli. Kuna mhandisi na mwalimu wa Ladakh, kaskazini mwa India, Sonam Wangchuk, mmoja wa waanzilishi wa taasisi ya elimu ya SECMOL mwaka 1988, na Phunsukh Wangdu, jina halisi la Rancho linalofichuka mwishoni, linawafanya watu waunganishe nukta. Ila Wangdu wa filamu ni mtoto wa nyumba ya mtunza bustani, aliyetumwa chuoni akachukue shahada kwa jina la mtoto wa tajiri. Wangchuk alisomea uhandisi Srinagar kwa jina lake mwenyewe. Hata shule inayoonekana kwenye filamu si yake, ni Druk White Lotus ya kijiji cha Shey. Mwandishi huokota kipande hapa na kipande pale, hilo ni jambo la kawaida. Kumvisha mtu hai maisha yote ya mhusika ni kumwonea.

"Shujaa lazima abadilike"

Tumefundishwa hivyo, na mimi nimewafundisha wengine. Lakini Rancho wa siku ya kwanza ndiye Rancho wa ziwani mwishoni, hana anachojifunza cha maana. Wanaobadilika ni waliokaa karibu naye, ndiyo maana msimulizi ni Farhan.

Farhan alizaliwa saa 11:15 jioni, na saa 11:16 baba yake akatangaza kwamba mwanawe atakuwa mhandisi. Utani huo mdogo wa mwanzoni unakuja kudai deni lake siku Farhan anaporudi nyumbani kumwambia mzee anataka kupiga picha za wanyama. Nilitegemea hotuba, na katika skripti zangu za zamani ningeiandika, ukurasa mzima, muziki wa kinanda chini yake. Tunachopewa kwanza ni kiyoyozi: nyumba hiyo ina kimoja tu, na kimewekwa chumbani kwa Farhan ili asome vizuri. Halafu mzee, aliyekwisha kumnunulia kompyuta mpakato ya kazi, anauliza kamera ya kitaalamu ni bei gani, na kama kompyuta ikirudishwa dukani hela itatosha. Basi. Baba amekubali bila kutamka kwamba amekubali. Nililia, na nilikuwa naangalia kwa mara ya sita.

"Nyimbo ni za kurefusha filamu"

Filamu ina karibu saa tatu, na kwenye filamu nyingi za Kihindi wimbo ukianza watu wanatoka kununua karanga. Ukitoka hapa umekosa kisa. Joy Lobo, mwanafunzi aliyekuwa akiunda helikopta ndogo yenye kamera, amekataliwa na mkuu wa chuo aongezewe muda. Rancho anaiokota helikopta iliyotupwa na kuitengeneza kwa siri. Kazi hiyo inafanyika ndani ya ule wimbo wa *Aal izz well*, kelele, rangi, watu wakicheza bafuni. Helikopta inaruka, wanafunzi wanashangilia, inapanda hadi dirishani kwa Joy ili imshtue kwa furaha. Kamera inaingia. Joy amejitoa uhai, na ukutani ameandika kwamba anaacha.

Mwandishi mwoga angeukata wimbo kwanza, aweke kimya, atuandae. Hawa wametupeleka dirishani huku bado tunatikisa vichwa, na maneno ya kwamba mambo shwari ndiyo yaliyotufikisha. Wanaosema kichekesho hakiruhusiwi kuua mtu nawaambia waiangalie sini hii wakiwa wamesimama, kwa sababu watakaa.

"Wamarekani walipoteza mamilioni kutengeneza kalamu ya anga, Warusi wakatumia penseli"

Uongo huu una umri mkubwa kuliko filamu. Kalamu ya anga ilitengenezwa na Paul Fisher kwa fedha za kampuni yake mwenyewe, si za NASA, shirika la anga la Marekani. NASA iliinunua baadaye, ikaruka na Apollo 7 mwaka 1968, na Wasovieti nao wakainunua. Kabla ya hapo penseli zilitumika pande zote mbili.

Hirani na Joshi wameutumia uongo huo kwa ujanja. Siku ya kwanza Virus, mkuu wa chuo, anainua kalamu hiyo mbele ya wanafunzi wapya na kuwasimulia fedha zilizotumika kuitengeneza. Rancho ananyoosha mkono: kwa nini hawakutumia penseli? Ukumbi unacheka, tunacheka, kijana kashinda. Wengi waliishia hapo, wakaenda kuusimulia mtaani kama ukweli.

Jibu linakuja baada ya zaidi ya saa mbili, mvua inanyesha, mjukuu wa Virus amezaliwa juu ya meza kwa msaada wa mashine ya kufyonza vumbi. Virus anamkabidhi Rancho kalamu, na papo hapo anamsahihisha: ncha ya penseli ikivunjika angani inaelea, inaweza kuingia jichoni, puani, au kwenye mitambo. Huwezi kuwa sahihi kila wakati, anamwambia. Mzee tuliyemcheka filamu nzima ndiye aliyekuwa na jibu, na shujaa wetu ndiye aliyekosea.

Kalamu bado haijamaliza kazi. Kule ziwani, Chatur anaichukua kutoka kwa Rancho kama nyara ya ushindi, anaondoka kwa majigambo. Kisha anapokea simu ya Phunsukh Wangdu, bwana mkubwa ambaye Chatur amesafiri kutoka Marekani ili apate saini yake. Wangdu anamwambia hawezi kusaini mkataba. Kalamu yake anayo Chatur.