Sifa tendaji za miti: kwa nini misitu ya tropiki haipokei ukame kwa namna moja

Habari za tabianchi huuzungumzia msitu kana kwamba ni kitu kimoja: msitu umekauka, msitu umefyonza kaboni, msitu umepona. Amazon peke yake inakadiriwa kuwa na spishi za miti zipatazo 16,000, na ukame ukibisha hodi hauzikuti zote zimejiandaa sawa. Mingine hufa, mingine hudumaa, mingine haionyeshi hata dalili. Kinachoitofautisha ndicho huitwa sifa tendaji.

Sifa tendaji ni jambo lolote la umbile au la utendaji wa mti, linaloweza kupimwa, na lenye athari kwa jinsi mti huo unavyokua, unavyozaa na unavyokufa. Unene wa jani ni mojawapo. Zingine ni uzito wa mbao, kimo cha mti uliokomaa, kina cha mizizi, ukubwa wa mbegu na upana wa mishipa inayopandisha maji. Faida yake ni kwamba huhitaji kuijua kila spishi kwa jina. Spishi mbili zisizo na undugu wowote, moja Borneo na nyingine Kongo, zikiwa na sifa zinazofanana huelekea kuishi maisha yanayofanana.

Chukua uzito wa mbao. Sentimita moja ya ujazo ya mpingo mkavu hupita gramu 1, ndiyo maana mpingo huzama majini. Ya balsa, mti mwepesi wa tropiki ya Amerika, ni gramu 0.15 hivi. Balsa huwahi mwanga palipoanguka mti mkubwa, hurefuka haraka na hufa mapema. Mpingo huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa. Hakuna mti unaopata vyote: chakula kilichotumika kurefuka leo hakiwezi pia kujenga ukuta mnene wa mshipa. Kwa wastani mbao nzito huendana na uvumilivu wa ukame, ila msiichukulie kama sheria. Mbuyu una mbao laini iliyojaa maji na bado huishi kwenye nyika kavu, kwa sababu hupukutisha majani mvua zikikatika.

Sifa inayoamua mengi zaidi, kwa maoni yangu, haionekani kwa macho. Mti hausukumi maji kwenda juu. Huyavuta. Jani likipoteza mvuke kupitia stomata, yaani vitundu vidogo vya jani, uzi wa maji usiokatika huvutika kutoka mizizini hadi kileleni. Udongo ukikauka, mvuto huongezeka, mpaka hewa inapenya ndani ya mshipa. Kiputo hutanuka, uzi hukatika, na mshipa huo haupitishi tena maji. Mishipa mingi ikiziba hivyo, matawi ya juu huanza kukauka.

Mti unaweza kujikinga kwa kufunga stomata, lakini nako kuna gharama. Kaboni dayoksaidi haiingii, usanisinuru hupungua, na jani lililokuwa likipozwa na mvuke wake lenyewe huzidi kupata joto. Ukame unaokuja pamoja na joto kali, basi, huubana mti pande zote mbili.

Ulinganisho wa spishi 226 kutoka maeneo 81 duniani, uliotolewa mwaka 2012, uliona kuwa takriban asilimia 70 huishi karibu sana na kikomo cha mishipa, yaani kiwango cha mvuto kinachoruhusu hewa kupenya. La kushangaza, miti ya misitu yenye mvua nyingi haikuwa na akiba kubwa ya usalama kuliko ile ya sehemu kavu. Kila mmoja umejengwa kwa mvua ya kwao, na mvua hiyo ndiyo inayobadilika.

Jaribio la Caxiuanã, mashariki mwa Amazon nchini Brazili, lilionyesha jambo hili waziwazi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, paneli za plastiki zilitandazwa juu ya ardhi ndani ya msitu ili kuzuia takriban nusu ya mvua isifike kwenye udongo wa hekta moja. Miaka ya mwanzo msitu ulionekana kustahimili. Kisha miti mikubwa ikaanza kuanguka, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalikadiria kuwa uzito wa miti hai ulishuka kwa asilimia 40 hivi. Akiba ya sukari kwenye miti hiyo haikuwa imekwisha, kwa hiyo haikufa kwa njaa. Ilichoshindwa ni kupandisha maji. Miti midogo, kwa upande wake, ilipata mwanga na baadhi yake ikaongeza kasi ya kukua.

Hapo ndipo sifa za mti mmoja zinapogeuka kuwa habari za msitu mzima. Mti hauhami, msitu hubadilika kwa nani anakufa na mche upi unashika nafasi yake. Nchini Ghana, baada ya miaka mingi ya mvua kupungua, vipimo vya miongo miwili vilikuta spishi zinazopukutisha majani na zilizozoea ukavu zimeongezeka, na uzito wa msitu haukushuka, bali uliongezeka. Msitu ulisimama, lakini si ule wa awali.

Swali ni kasi. Uchambuzi wa misitu ya tropiki ya Amerika uliochapishwa mwaka 2025 ulikuta kuwa sifa za msitu kwa jumla zimebadilika kwa chini ya asilimia 8 ya kile ambacho mabadiliko ya tabianchi yangedai. Miongoni mwa miti michanga iliyoingia karibuni, ilikuwa asilimia 21. Vijana wako mbele, ila bado wako mbali.

Na mche hauwezi kuota mahali ambapo mbegu haijafika. Miti mingi yenye mbao nzito huzaa mbegu kubwa zisizopeperuka, zinazotegemea tembo, hondohondo na nyani kuzisafirisha. Wanyama hao huwindwa sana. Kwa hiyo msitu unaweza kuonekana mzima kutoka kwenye setelaiti, huku spishi za kuubadilisha zikiwa zimekwama kilomita chache kutoka zinapohitajika.