FreeBSD si Linux iliyovaa kanzu

Nina programu ndogo inayohesabu maji: lini bamvua, lini maji mafu, saa ngapi yanajaa na saa ngapi yanakupwa hapa Lamu. Nimeiandika kwa lugha ya C, pamoja na skripti chache za kuisukuma. Wanaoitumia ni manahodha wachache na wavuvi wanaonijua. Seva yake ni kompyuta kuukuu iliyo juu ya kabati nyumbani Langoni, na inaendesha FreeBSD, mfumo endeshi wa ukoo uitwao BSD. Miaka miwili iliyopita niliamua kwamba kila nikibadilisha mstari wa msimbo, programu ijengwe na kujaribiwa yenyewe kwenye Linux, FreeBSD na OpenBSD, ndugu yake FreeBSD, bila mimi kugusa kitu. Tangu siku hiyo sijakosa watu wa kunieleza kwa nini najisumbua bure. Mengine waliyoniambia niliwahi kuyaamini mwenyewe.

"Ikijengeka kwenye Linux, itajengeka popote"

Hii ndiyo mama yao. Ina ukweli nusu ndani yake, na ndiyo maana haifi. Linux na familia ya BSD zote zimefuata nyayo za Unix, mfumo endeshi wa zamani, kwa hiyo unakuta `ls`, `cp`, `grep`, `make` na `sed` kila mahali. Majina ni yale yale. Tabia ndiyo hapana.

Mara ya kwanza kuendesha `jenga.sh` ndani ya FreeBSD nilijibiwa `not found`. Nikapiga `ls`: faili lipo. Ruhusa ya kuendesha ipo. Nikajaribu tena: halipatikani. Chai ilipoa nikilitazama faili ambalo kompyuta inanionyesha na kunikana kwa wakati mmoja. Kumbe kisichopatikana si faili, ni mkalimani, yaani programu ya kuisoma skripti, niliyemtaja kwenye mstari wa kwanza, `#!/bin/bash`. FreeBSD haiji na bash. Ukiisakinisha inakaa `/usr/local/bin/bash`, kwa sababu vyote vinavyoongezwa juu ya mfumo wenyewe huwekwa chini ya `/usr/local`. Ukiandika `#!/usr/bin/env bash` umepona. Ukiandika skripti kwa `sh` ya kawaida na kuacha madoido ya bash, umepona zaidi.

Hapo nilikuwa nimevuka mlango tu. `make` ya FreeBSD, amri inayojenga programu kwa kufuata faili la `Makefile`, si ile ya GNU, mradi wa zana zinazoandamana na Linux, kwa hiyo `Makefile` yangu yenye `ifeq` iligoma hadi nilipoita `gmake`, yaani ile ya GNU. `sed -i` ya FreeBSD inadai uitajie kiambishi cha nakala ya akiba, na usipokitaja inalichukua agizo lako la kubadilisha maneno kuwa ndicho kiambishi, kisha inalisoma jina la faili kana kwamba ndilo agizo. OpenBSD haina dai hilo, na hapo ndipo unapojua kwamba hata "BSD" si mtu mmoja. `date -d tomorrow`, niliyokuwa naitumia kupata tarehe ya kesho, ni ya GNU. FreeBSD inataka `date -v+1d`, na OpenBSD haina hiyo wala hii. Hesabu ya tarehe nikaihamishia ndani ya C yenyewe.

Kwenye C nako kulikuwa na yake. Nilikuwa nimeweka `malloc.h` kwa mazoea, na FreeBSD ikakataa papo hapo, ikinielekeza kwenye `stdlib.h`, ambayo ndiyo iliyomo kwenye kanuni za lugha tangu zamani. Maktaba niliyoisakinisha haikuonekana pia, kwa kuwa kompaila ya FreeBSD haipekui `/usr/local/include` mpaka uiambie.

Lakini zawadi kubwa niliipata OpenBSD. Programu ilijengeka vizuri, ikaendeshwa, ikachapisha saa za maji sahihi, na mahali pa jina la bandari ikachapisha herufi zisizosomeka. Kwenye Linux palikuwa panatokea "Lamu" bila shida. Kisa ni kwamba nilikuwa naachilia kumbukumbu yenye jina, halafu nalisoma jina lile lile mistari mitatu chini yake. Linux ilikuwa haijapagusa mahali pale, basi jina likabaki kwa bahati. OpenBSD, kwa kawaida yake, huichafua kumbukumbu iliyoachiliwa kwa makusudi ili makosa kama hayo yajitokeze. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa limelala humo miezi minane.

"Weka kontena tu, yaishe"

Kijana mmoja anayesomea kompyuta Mombasa alinitembelea likizo, tukakaa barazani. "Kaka, mbona unajitesa? Chukua Docker, weka kontena ya FreeBSD, dakika mbili umemaliza."

Nikamwambia, mdogo wangu, tafuta hiyo kontena uiendeshe hapo kwenye Ubuntu yako. Alihangaika hadi adhana ya magharibi.

Kontena ni programu iliyofungwa pamoja na mazingira yake na kutengwa na nyingine, na Docker ni chombo cha kuziendesha. Haina kerneli yake, yaani kiini cha mfumo. Inaazima ya mashine iliyo chini yake. Ndani ya kontena unaweza kubadilisha faili, maktaba na amri zote zionekane za mfumo mwingine, lakini programu inapoomba kufungua faili au kutuma data, ombi linapokelewa na kerneli ya mwenyeji. Juu ya Linux, kontena itakuwa Linux. Siku hizi FreeBSD wanatoa picha za kontena rasmi, nazo zinataka kerneli ya FreeBSD chini yake. Kinyume chake kinawezekana kidogo: FreeBSD ina tabaka la kuendesha programu za Linux. Linux haina tabaka la kurudisha fadhila hiyo. Na kama unadhani watu wa BSD wamechelewa kwenye mambo ya kontena, "jela" za FreeBSD, vyumba vyake vya kutenga programu, zilitoka mwaka 2000 na toleo la 4.0. Docker ilitoka 2013.

Kinachohitajika ni mashine pepe kamili, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta, yenye kerneli yake. Mimi natumia QEMU, ambayo Fabrice Bellard aliianzisha 2003. FreeBSD wenyewe hutoa diski zilizokwisha kutayarishwa kwa ajili hiyo, huna haja ya kusakinisha kuanzia mwanzo. Huduma za majaribio za mtandaoni nazo hufanya hivyo hivyo. GitHub, kwa mfano, wanakupa mashine za Linux, Windows na macOS, na anayetaka BSD anaiwasha kama mashine pepe ndani ya ile ya Linux. SourceHut ni tofauti, wao wanazo FreeBSD, OpenBSD na NetBSD moja kwa moja.

Kitu kimoja cha kuangalia: kama `/dev/kvm`, mlango wa Linux wa kuipa mashine pepe prosesa halisi, haipo au huna ruhusa nayo, QEMU itaiga prosesa kwa programu tupu, na jaribio la dakika mbili litakula nusu saa. Watu wengi wanaosema "BSD ni nzito" walikwama hapo.

"Likianguka huko, kosa ni la mfumo ule"

Nililipia imani hii usingizi wa karibu wiki nzima. Majaribio yangu yalikuwa yanaendeshwa na cron, mpangaji wa ratiba wa mfumo, saa nane usiku, wakati umeme umetulia na hakuna anayevuta intaneti. Kila asubuhi Linux imefaulu, FreeBSD imeanguka kwenye jaribio moja la saa za maji. Nikiliendesha kwa mkono baada ya chai, linafaulu. Usiku linaanguka tena. Nikaanza kusema maneno mabaya kuhusu FreeBSD mbele ya watu.

Mashine pepe ya FreeBSD ilikuwa kwenye saa ya UTC, saa ya marejeo ya dunia. Sisi tuko saa tatu mbele. Saa nane usiku hapa Lamu, kule ndani ilikuwa bado ni jana, saa tano usiku. Jaribio lilikuwa linaipa programu tarehe ya leo kutoka kwa mwenyeji, na programu inajibu kwa tarehe yake yenyewe. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa hazikutani. Baada ya hapo zinakutana mpaka usiku unaofuata.

Sasa fikiria seva yenyewe nayo ingekuwa kwenye saa ya UTC. Mvuvi anayetoka usiku angeuliza maji saa nane, apewe ya jana, na maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Nahodha mmoja nilipomsimulia alicheka: "Mwanangu, mayi hayangoji kompyuta yako." Siku hizi programu inatajiwa saa za `Africa/Nairobi` waziwazi, haiulizi mashine iko wapi.

"Rangi ya kijani ni cheti"

Skripti yangu ilikuwa na mstari huu: `gmake test | tee matokeo.txt`. Nilitaka kuona matokeo na kuyahifadhi kwa pamoja. Kwa wiki tatu kila kitu kilikuwa kijani, rangi ya kufaulu, nami nikatembea Langoni kifua mbele. Siku moja nikalifungua `matokeo.txt` nikitafuta jambo jingine kabisa, nikakuta majaribio kumi na moja yameanguka.

Amri zikiunganishwa kwa bomba, `sh` hurudisha hali ya amri ya mwisho. Ya mwisho hapo ni `tee`, na `tee` kazi yake ni kunakili tu. Inanakili habari za msiba kwa furaha ile ile ya arusi. Majaribio yalianguka, `tee` ikafaulu, mfumo ukawasha taa ya kijani. Sasa naandika matokeo kwenye faili kwanza, naihifadhi hali ya `gmake`, ndipo nalionyesha faili. Na kila nikianzisha mfumo mpya, jaribio la kwanza ninaloweka ni la kuanguka kwa makusudi. Lisipoanguka, siendelei.

Kuna na wale wanaodhani mashine ikishawekwa itawaandikia na majaribio yenyewe. Inaendesha ulichoandika. Kama uliandika jaribio moja, itafaulu hilo moja kila usiku.

"Hiyo ni ya wenye seva kubwa na intaneti ya kasi"

Mashine yangu ya majaribio ni laptopu ya mtumba. Mashine pepe ya FreeBSD nimeipa RAM ya megabaiti 1024, ya OpenBSD nusu yake, na haziwaki kwa pamoja: moja ikimaliza, nyingine inaanza. Kinachokula intaneti si majaribio, ni kusakinisha vifurushi upya kila mara. Kwa hiyo nilitayarisha diski ya msingi mara moja, nikaweka `gmake`, `git` na maktaba zote, nikaifunga. Kila jaribio linapoanza, QEMU hufungua karatasi nyembamba juu ya diski hiyo kwa chaguo la `-snapshot`. Vyote vinavyoandikwa vinaenda kwenye karatasi, na mashine ikizimwa karatasi inatupwa. Umeme ukikatika katikati, na hukatika, hakuna kilichoharibika. Msimbo unaingia kwa `ssh`, amri ya kuingia kwenye mashine nyingine kwa mbali, kutoka laptopu hiyo hiyo. Jaribio zima halitoki nje ya chumba.

Jambo moja nililojifunza kwa tabu ni kuliwekea jaribio kikomo cha muda. Mashine pepe ikikwama inapowaka, itakaa imekwama mpaka asubuhi, na Linux na wenzake wote wamepanga foleni nyuma yake. Mimi naipa dakika kumi na tano, kisha inauawa na kuhesabiwa kuwa imeanguka.

"Nani anaitumia hata hivyo?"

Seva za Netflix zinazorusha video kwa watazamaji zinaendesha FreeBSD. PlayStation 4 mfumo wake umejengwa juu yake. OpenSSH, ambayo kila fundi wa seva anaiandika asubuhi na jioni, ilizaliwa ndani ya mradi wa OpenBSD mwaka 1999. Na ile `sed` yenye dai la kiambishi iko pia kwenye kila kompyuta ya Mac, kwa hiyo mgeni aliyeijaribu programu yangu kwenye MacBook yake kule Shela hakukutana na kosa ambalo FreeBSD ilikuwa imenionyesha mapema. Hakujua kwamba lilikuwepo, na sikumwambia.

"Ukishaweka, umemaliza"

OpenBSD hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita, na hutunza matoleo mawili ya mwisho tu. Diski ya msingi uliyoifunga leo, baada ya mwaka mmoja imeshaachwa, na unachojaribu ni mfumo ambao watu hawapaswi kuutumia tena. Mimi nimeweka kwenye kalenda, Mei na Novemba: naitoa diski, naipandisha toleo, naendesha majaribio yote mara mbili, naifunga tena. Safari iliyopita kupandisha toleo kulinichukua dakika arubaini, na majaribio mawili yakaanguka. Moja nimelirekebisha. La pili linahusu maktaba iliyobadilika jina, na bado liko jekundu kwenye laptopu ninapoandika haya.