Kasri la Mysore: Jengo Lililozaliwa na Moto

Watalii wengi wanaoingia katika Kasri la Mysore, kusini mwa India, huamini kwamba wanakanyaga sakafu ya karne nyingi zilizopita, wala hawastahili kulaumiwa, kwa sababu jengo lenyewe limefanya kila juhudi kuwaaminisha hivyo. Ukweli ni kwamba kasri hilo lilikamilika mwaka 1912. Mimi ni mhifadhi wa majengo ya kihistoria, na ninapoulizwa ni kipi cha kutazamwa pale, jibu langu huanzia kwenye mwaka huo, kwa kuwa asiyeujua atapita katika kumbi zote akistaajabia dhahabu bila kuliona jambo lililo kubwa zaidi, yaani namna ufalme ulivyotumia ufundi mpya kabisa wa wakati wake kujitengenezea sura ya kale.

Ukoo wa Wadiyar, wafalme wa Mysore, ambao kwa mapokeo huhesabu utawala wake kuanzia mwaka 1399, ulinyang'anywa madaraka na jemadari wake Haidar Ali pamoja na mwanawe Tipu Sultan katika karne ya 18, ukabaki na jina tu. Tipu alipouawa mwaka 1799, Waingereza walipoiteka Srirangapatna, mji mkuu wake, walimrejesha kitini mtoto wa ukoo huo, Krishnaraja Wadiyar wa Tatu, ambaye umri wake ulikuwa haujatimia miaka mitano, na kasri jipya likajengwa, sehemu yake kubwa ikiwa ya mbao. Hilo ndilo lililoteketea mwaka 1897, wakati wa sherehe za harusi ya binti wa kifalme, Jayalakshammanni. Mfalme wa wakati huo, Krishnaraja wa Nne, alikuwa bado kijana mdogo, na nchi ilikuwa mikononi mwa mama yake, Kempananjammanni, aliyetawala kwa niaba yake tangu mumewe alipofariki huko Calcutta mwaka 1894. Ni katika utawala wa mama huyo ndipo kazi ilipokabidhiwa kwa msanifu Mwingereza Henry Irwin, ambaye alikuwa amekwisha kusanifu makao ya gavana mkuu wa India kule Shimla. Hadi kazi inakwisha, gharama ilikuwa imepita laki 41 za rupia.

Moto ule unasomeka katika jengo zima. Kuta ni za matofali na mawe ya graniti ya kijivu, na chuma kimepewa kazi ambayo zamani ingefanywa na magogo. Mbao hazikukosekana, tena nzuri, zikiwemo milango iliyotiwa nakshi za pembe za ndovu, lakini zimebaki zaidi kuwa pambo. Nje, kuba za waridi zilizokolea, matao, na mnara wa ghorofa tano wenye kimo cha futi 145 vimechanganya ujenzi wa Kihindu, wa Kiislamu na wa Kizungu katika mtindo unaojulikana kama Indo-Saracenic. Wapo wanaoubeza mtindo huo kuwa ni ndoto ya mkoloni kuhusu Mashariki. Mimi naona lawama hiyo haitoshi hapa, kwa sababu iliyoagiza, iliyolipa na iliyoishi humo ilikuwa familia ya kifalme ya Kihindi, nayo ilijua inachokitaka.

Ukumbi ninaomshauri kila mgeni akae nao kwa muda mrefu ni Kalyana Mantapa, ukumbi wa harusi wenye pembe nane. Kundi la watu husimama katikati, likainua shingo kutazama paa la vioo vya rangi lenye michoro ya tausi, kisha likasukumwa na kundi linalofuata. Nakusihi usogee pembeni, uzitazame nguzo. Zimepangwa tatu tatu, nyembamba, zimepakwa rangi na kutiwa mapambo, na macho yanakubali kirahisi kuwa ni kazi ya wachongaji. Ukizigonga (jambo ambalo walinzi hawalipendi, nao wana haki) zitalia kama chuma, maana ni chuma cha kusubu kilichotoka katika viwanda vya Walter Macfarlane, Glasgow. Wembamba wa aina hii, kwa urefu ule na mzigo ule, usingewezekana kwa jiwe, na ndiyo maana ukumbi umeachwa wazi kiasi kile na mwanga wa vioo ukashuka bila kizuizi hadi sakafuni. Aliyewahi kuiona Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 kwa varanda za nguzo za chuma, ataitambua hesabu hiyo hiyo mara moja. Kutani, michoro inaonyesha msafara wa Dasara, sikukuu kubwa ya Kihindu ya kila mwaka, ukipita mitaani, na sura za watu zimechorwa kwa makini yanayofanana na ya picha za kamera.

Ukumbi mkubwa wa baraza, ulio ghorofani na kufunguka upande mmoja kuelekea uwanja wa sherehe, ni wa fahari, ila baada ya Kalyana Mantapa hauna siri nyingi.

Umeme nao ni sehemu ya hadithi hiyo. Mwaka 1902 ufalme wa Mysore ulianza kuzalisha umeme wa maji huko Shivanasamudra, kwenye Mto Kaveri, na kuusafirisha hadi machimbo ya dhahabu ya Kolar. Kwa hiyo taa zinazokaribia laki moja, ambazo huwashwa jioni za Jumapili na sikukuu kwa muda usiofika saa nzima, si kiini macho kilichobuniwa juzi kwa ajili ya watalii, bali zinaendeleza majivuno ya dola iliyotangulia nyingi za India katika jambo hilo.

Tofauti na makasri mengi yaliyogeuzwa makumbusho, hili halijaachwa na wenyewe. India ilifuta posho na vyeo vya wafalme wake mwaka 1971, na serikali ya jimbo la Karnataka ndiyo inayoendesha makumbusho, lakini familia ya Wadiyar ingali na makazi sehemu ya nyuma, na suala la umiliki limezua kesi ndefu mahakamani. Wakati wa Dasara, kiti cha enzi cha dhahabu huunganishwa upya, mkuu wa ukoo hukikalia katika baraza la faragha, na sherehe zikiisha hufunguliwa kipande kwa kipande na kurudishwa hazinani. Siku ya kilele, tembo hubeba kibanda cha dhahabu chenye uzito wa takriban kilo 750. Zamani mfalme ndiye aliyeketi ndani yake. Siku hizi hupandishwa sanamu ya mungu wa kike Chamundeshwari. Atakayekwenda msimu huo ataona vitu vikitumika, lakini ajue kwamba baadhi ya saa milango hufungwa kwa ajili ya ibada, na msongamano ni mkubwa. Atakayetaka kuchunguza nguzo za Kalyana Mantapa kwa utulivu achague asubuhi ya siku ya kazi, avue viatu mlangoni kama inavyotakiwa, kisha alasiri apite kwenye Kasri la Jaganmohan lililo karibu, lililojengwa mwaka 1861, ambako familia ilihamia baada ya moto, na ambalo sasa ni jumba la sanaa.