Simbilisi Akigoma Kula, Usingoje Kesho

Malalamiko tunayopokea siku hizi hapa hospitali ya wanyama, upande wa wanyama wadogo, yanafanana sana: mtu kaleta simbilisi wake, kafia mezani au usiku huohuo, na mwenyewe anasema tulimchelewesha kwa kupima uzito na kuuliza maswali. Uchungu huo tunauelewa, na najua wengi wenu mnawapenda kweli. Lakini tukiuliza kaacha kula lini, jibu ni "juzi". Juzi! Kwa simbilisi juzi ni mbali mno jamani.

Utumbo wake unatakiwa ufanye kazi mchana na usiku, na kinachousukuma ni nyuzinyuzi za nyasi. Nyasi zisipoingia mwendo unapungua, gesi inajaa, tumbo linauma, akiumwa tumbo ndo hataki kula kabisa, na kutapika hawezi. Huku mwili unaanza kuyeyusha mafuta na ini linaelemewa, hasa akiwa mnene au ana mimba. Ndo maana sisi tunahesabu masaa: masaa 12 hajala kitu, mlete, yakifika 24 hiyo ni dharura tayari.

Kwa hiyo ile habari ya "mwache tumbo lipumzike" naomba iishe, huyu hapumzishwi, hata siku ya kupigwa nusu kaputi hatumnyimi chakula kama tunavyomnyima mbwa. Na sio kwamba kanuna. Simbilisi huwa anaficha ugonjwa, ukiona kajikunyata kwenye kona manyoya yamesimama ujue kaumwa muda.

Angalia pia anagomaje. Kuna anayekimbilia chakula vizuri tu, anaokota kipande, anakigeuzageuza, kinadondoka, anaokota tena, na kidevu kimelowa mate. Huyo njaa anayo, anaumwa meno. Meno yake yote 20 yanaota maisha yake yote, na magego ya chini yakikosa nyasi za kuyasaga yanainamia ndani mpaka yanafunika ulimi kama daraja. Nyumbani ukimfunua mdomo unaona ya mbele tu, unatuambia meno mazima. Hapana, ya nyuma huyaoni bila kifaa.

Vitamini C hatengenezi mwenyewe, lazima aile kila siku, pilipili hoho inasaidia sana. Akiikosa kwa wiki chache viungo vinauma na hamu ya kula inaondoka. Mfuko wa chakula cha kiwandani uliokaa miezi, vitamini yake imeshapungua hata kama imeandikwa nje. Na yule simbilisi mzee anayekula kuliko zamani huku anakonda, msifurahi, tezi ya shingo inaweza kuwa na shida, naye aje.

Sasa utaratibu, maana hapa ndo ugomvi. Ukifika linafunguliwa faili, anapimwa kwa gramu, mkubwa huwa kati ya 700 na 1200, na aliyepoteza sehemu ya kumi ya uzito wake ni mgonjwa wa kweli, kwa hiyo nyumbani mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni na uandike, ukija na namba zako tunaokoa muda. Tutauliza kala nini mwisho, kanywa, kanya lini, ana mimba, kapewa dawa gani. Leta mavi ya siku hiyo hata kama ni vipunje viwili vikavu. Mwenzake mlete pia, akiwa naye hofu inapungua. Halafu tunapapasa tumbo, tunaangalia mdomo, pengine eksirei, kwa sababu tumbo likiwa limejaa gesi kama ngoma halilishwi kwa nguvu.

Dawa ya antibayotiki tusiombwe dirishani, hatutoi bila kumwona mnyama. Amoksilini iliyobaki kabatini ya mtoto inaua bakteria wazuri wa utumbo wa simbilisi, na yeye anafuata. Ukiwa umeshampa sema tu, hatukugombezi. Ila mjue nchi nyingi sheria inahesabu kumwacha mnyama ateseke bila matibabu kuwa kosa, kuna faini na kuna kuzuiwa kufuga, na daktari anaweza kutakiwa kuandika ripoti, karatasi ambayo hatupendi kuijaza.

Kama hospitali ni mbali na tumbo halijavimba, loweka chakula chake kiwe uji, tumia bomba la sindano lisilo na sindano, ingiza pembeni ya mdomo kidogokidogo akiwa amekaa, subiri atafune na ameze. Usimlaze chali, atapaliwa.

Piga simu kabla hujatoka na sema masaa mangapi hajala, usiseme tu "anaumwa", kwa sababu mapokezi wanapanga foleni kwa hayo masaa na wako atapita mbele ya waliokuja kukatwa kucha.